Kornelia Nyandwi na Barabara za Kaunti

Mheshimiwa Padri, ndugu wa ukoo, majirani zetu wa West Side hapa Buffalo, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi mliosafiri kutoka Louisville na Columbus kuja kukaa nasi msibani, familia imenipa mimi, Zenoni Baranyizigiye, mume wa marehemu, jukumu la kusoma historia ya maisha yake, nami nitaisoma kwa mpangilio tuliouzoea, tangu kuzaliwa hadi kufariki, nikiomba mnivumilie pale nitakapokawia barabarani, kwa sababu marehemu ameacha kazi moja ambayo haijakwisha, umebaki mstari mmoja tu, na kabla hatujaondoka hapa familia ina ombi kwenu kuhusu mstari huo.

Kornelia Nyandwi alizaliwa tarehe 16 Septemba 1978 huko Kiliba, katika bonde la Ruzizi, si mbali na Uvira, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, akiwa mtoto wa saba wa Mzee Azarias Bigirindavyi na Mama Angelika Ntirampeba, wote marehemu, waliokimbia Burundi mwaka 1972 na kupata kibarua kwenye mashamba ya miwa. Alibatizwa jina la Kornelia kwa kuwa alizaliwa siku ya Mtakatifu Kornelio, na jina la Nyandwi alipewa na baba yake, na hapa niwaeleze kidogo ndugu zetu Wakongo, pamoja na wenyeji wetu wa hapa, kwamba sisi Warundi kwa asili haturithi jina la ukoo, kila mtoto hupewa lake, na kwa desturi ya wazee mtoto wa saba huitwa Nyandwi na wa nane huitwa Minani, hivyo Mrundi yeyote akisikia kwamba nyumbani kwa Azarias kulikuwa na Kornelia Nyandwi na Sylveri Minani, hahitaji kuuliza nani alimwachia nani ziwa la mama.

Alisoma shule ya msingi Kiliba kuanzia mwaka 1984 hadi 1990, akaendelea na sekondari Uvira hadi Oktoba 1996, vita vilipofika, ndipo familia ikavuka ziwa hadi Kigoma na kupokelewa katika kambi ya Mtabila, wilaya ya Kasulu, na huko alimaliza masomo yake mwaka 1999 kwenye shule iliyokuwa na paa la turubai, na marehemu alipenda kusema kwamba mvua iliponyesha mwalimu alifundisha kwa mikono kama padri anayebariki, kwa sababu hakuna aliyesikia neno. Wazazi wake wamezikwa Mtabila, na katika watoto wanane wa nyumba ile, sita wa juu walifariki au walipotea katika safari mbalimbali ambazo leo sitazisimulia, wakabaki wa saba na wa nane.

Kuanzia Januari 2000 marehemu alifundisha darasa la kwanza katika shule ya kambi, ambako mimi nilikuwa nikifundisha jiografia sekondari, nikiwa nimetoka chuo kikuu Bujumbura na shahada ambayo mvua ya Kasulu ilikuwa imeanza kuila pembeni, tukafahamiana kwenye foleni ya chaki, na tarehe 21 Julai 2001 tulifunga ndoa katika kanisa la kambi, Sylveri akisimama mahali pa baba. Mungu alitujalia watoto watatu, Angelika aliyezaliwa Mtabila tarehe 3 Mei 2002, Reginaldi aliyezaliwa huko huko tarehe 12 Agosti 2005, na Gaël aliyezaliwa Louisville tarehe 30 Januari 2009, nao wote wamekaa hapa mbele.

Mwaka 2006 tulihojiwa kwa ajili ya kuhamishiwa Marekani, na jambo lililotokea siku ile lazima nilisome, kwa kuwa bila hilo hamtaelewa kwa nini mama wa watoto wangu alihesabu mwanzo na mwisho wa barabara. Afisa aliyetuhoji, ambaye hatumtaji wala hatumlaumu, alikuwa mtu wa adabu aliyechoka, alizitazama karatasi mbili, akamuuliza mkalimani, "Huyu ni Nyandwi, huyu ni Minani, udugu uko wapi?", Sylveri akaanza kueleza habari za saba na nane, mkalimani naye alikuwa wa kabila lingine akapotea njiani, basi Kornelia akasema kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, "Mwambie atutazame usoni", kwa maana walifanana kama pande mbili za punje moja ya haragwe, lakini afisa alikuwa akiandika, na aliandika hadi mwisho wa ukurasa bila kuinua kichwa. Faili zikatenganishwa, sisi tukaandikiwa Louisville, Sylveri akabaki kambini, na tuliporudi nyumbani jioni ile marehemu hakulia wala hakugomba, alisema tu, "Ameandika kitu ambacho hakukitazama."

Tulifika Louisville, Kentucky, tarehe 26 Juni 2007, na baada ya miezi michache marehemu aliajiriwa katika ghala huko Jeffersontown, akipanga masanduku, yeye na wenzake wakienda na kurudi kwa gari moja la wafanyakazi, na barabara ile ya kwenda kazini ilikuwa na tabia ambayo wengi mnaijua, unaingia ikiwa na jina moja, unasinzia, unaamka ina jina jingine, na wenzake walilalamika kwamba Wamarekani wanachezea watu, ila yeye peke yake hakuona ajabu, aliegemeza kichwa kwenye kioo na kusema kwamba ni barabara ile ile, imefika tu mahali ambapo wanaiita vingine. Sylveri aliletwa Marekani Februari 2008, akapelekwa Columbus, Ohio, kwa sababu faili yake haikuonyesha ndugu popote, na Agosti 2010 tukafunga mizigo tukamfuata.

Miaka miwili ya Columbus ilikuwa ya furaha, wote tulifanya kazi maghalani, na Jumapili baada ya Misa tulipanda gari la Sylveri tukatoka nje ya mji bila safari maalumu, tukipita kati ya mahindi yaliyosimama pande zote mbili marefu kuliko gari, na huko mashambani kila barabara ya kaunti ilikuwa na kibao kidogo chenye namba, marehemu akizisoma kwa sauti ya chini, namba baada ya namba, hadi watoto wakalala, hadi na yeye akalala, na Sylveri akaendelea kuendesha kimya asije akamwamsha mtu, jua likitua mbele yetu polepole kana kwamba nalo limepunguza mwendo. Nikiulizwa leo ni wapi tulipokuwa nyumbani tangu tulipotoka Kiliba na Bujumbura, nadhani nitataja lile gari.

Mei 2012 tulihamia Buffalo sote pamoja, Sylveri akiwa amepata kazi kiwandani Tonawanda, tukapanga nyumba ya mbao ya ghorofa mbili hapa West Side, yeye juu na sisi chini, na kwa mara ya kwanza tangu Mtabila marehemu aligonga dari kwa ufagio kumwita mdogo wake chakula kikiiva. Oktoba mwaka huo alianza kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, kazi aliyoifanya hadi ugonjwa ulipomzuia, wazee wengi wakiwa kusini mwa kaunti, kule kwenye vilima na mazizi ya ng'ombe, na ndiko alikopotea asubuhi moja ya ukungu, kwa sababu karatasi ya kazi ilimwelekeza kwa namba ya barabara ya kaunti, naye aliyezoea vibao vya Ohio akaitafuta namba ile kila njia panda, akiuona ukungu, akiona farasi, akiona ukungu tena, namba hakuna. Mwisho aligonga mlango wa nyumba moja, bibi mwenye kofia ya sufu akamcheka kwa upole, akamwambia, "Namba ni za watu wa kuzoa theluji, mwanangu, sisi wengine tunaita majina tu", na akamweleza kwamba barabara aliyokuwa akiitafuta ndiyo aliyosimama juu yake, ina namba moja kwenye karatasi za ofisi ya kaunti, na majina matatu kwenye vibao, kwa kuwa kila mji inakopita umeipa lake.

Marehemu alirudi nyumbani siku ile akiwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu ujana wetu, akanisimulia habari hiyo akiwa bado amevaa koti, kwamba kuna barabara ambazo ni ndugu na hakuna anayejua, kwa sababu namba inayowaunganisha imefichwa ofisini na kila jina limesimama peke yake kwenye kibao chake. Mimi kama mtu wa jiografia nikamwonyesha kwamba ipo orodha, katika kamusi elezo ya mtandaoni inayoandikwa na watu wa kujitolea, orodha ya barabara zote za kaunti yetu, namba, urefu, mahali inapoanzia, mahali inapoishia, na majina, lakini tulipoifungua tukakuta sehemu kubwa ni mistari mitupu, namba ipo na mbele yake hakuna kitu, kama nyumba za kambi siku ambayo watu wamehamishwa.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, Januari 2014, na ninaitaja pamoja na kazi zake za mshahara kwa kuwa aliifanya kwa uaminifu ule ule. Alijaza mstari wake wa kwanza Jumapili mchana, na kabla ya chakula cha jioni ulikuwa umefutwa, mhariri mmoja wa kujitolea anayeishi Ohio akamwandikia kwa heshima, "Asante sana, lakini chanzo kiko wapi?", marehemu akajibu, "Chanzo ni mimi, nilikuwa pale leo asubuhi", yule bwana akaeleza kwamba kanuni hairuhusu, lazima kuwe na maandishi yaliyochapishwa, marehemu akaniuliza kama Marekani nzima imeapa kutotazama vitu, tukacheka, na Jumamosi iliyofuata tukaenda maktaba kutafuta ramani rasmi ya kaunti na nyaraka za ofisi ya barabara. Tangu siku hiyo alifuata kanuni mbili, ya kwao na ya kwake, ya kwao kwamba kila neno liwe na chanzo kilichochapishwa, na ya kwake, ambayo hakuna aliyemtaka aifuate, kwamba hataandika barabara yoyote hadi awe amesimama mwanzo wake na mwisho wake akaviona kwa macho.

Nilijaribu kumshawishi, sikatai, nilimwambia kwamba ramani ile imepimwa na wataalamu na inatosha, naye alinijibu bila ubishi, akikunja nguo za watoto, "Ramani imeandikwa na mtu, baba Angelika, na faili yetu iliandikwa na mtu", na sikumwuliza tena. Alitaka orodha ikamilike, barabara zote za kaunti, kila moja na majina yake yote kwenye mstari mmoja, ili mgeni yeyote atakayeangalia ajue nani ni nani, hilo ndilo lilikuwa ombi lake kwa Mungu katika miaka yake ya mwisho baada ya afya ya watoto.

Basi kwa zaidi ya miaka miwili familia hii ilikwenda barabarani kila siku ya mapumziko, Sylveri akiendesha, na mara nyingi Mama Grâce, yaani Adolphine, jirani yetu wa Bukavu ambaye wote mnamfahamu kwa kicheko chake, alijipakia na sufuria ya sombe, yaani majani ya muhogo, akikaa nyuma na kulalamika njia nzima, na nakumbuka tulipofika mahali ambapo barabara ilibadilisha jina kwa mara ya tatu alipiga makofi akasema kwa Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa, "Bon, mama Angelika, hii barabara iko na majina mingi sawa mwizi, njo vile banakimbiaka polisi!", marehemu akageuka akamwuliza, "Kwenu ulizaliwa unaitwa nani, kazini unaitwa nani, na sisi tunakuitaje?", Mama Grâce akahesabu kwa vidole, akasema, "Donc na mimi ni mwizi", na Sylveri akalazimika kusimamisha gari pembeni kwa kucheka. Angelika, kwa Kiingereza kama kawaida ya watoto wetu, alimkumbusha mama yake mara kwa mara kwamba ni barabara tu, naye alijibiwa kila mara kwamba ndiyo, ni barabara tu, funga mkanda.

Aliziona barabara zinazoanzia kwenye ukingo wa ziwa na kupotea mashambani, aliziona zinazoishia ghafla kwenye lango la mtu kana kwamba zilikwenda kumsalimia, alisimama katikati ya madaraja kwa kuwa mpaka wa kaunti unapita katikati ya maji, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule, akifumba macho kidogo kabla ya kuyafumbua, na Novemba 2014, theluji ilipofunika miji ya kusini hadi madirisha, alikaa sebuleni, hapa mtaani kwetu ambako haikuanguka hata nusu ya ile, akatazama weupe kwenye televisheni na kutaja barabara zilizokuwa chini yake moja moja, akijua kila moja imelalia ubavu gani. Kwa matumizi yetu alizipa pia majina ya Kiswahili, ambayo hakuyaandika kwenye orodha kwa sababu hayana chanzo kilichochapishwa, ila ninajua wengi wenu mnaokwenda kazini huko mnayatumia hadi leo, Barabara ya Farasi Mwenye Blanketi, Barabara ya Kanisa Lililouzwa, Barabara ya Usishushe Kioo, na ile ambayo Mama Grâce aliibatiza mwenyewe, Mwizi wa Kwanza.

Nisisahau kutaja Jumapili moja ya Mei 2015, ambapo hakuna kilichotokea, tulikuwa tumesimama mwisho wa barabara fulani karibu na shamba la mizabibu, watoto wamelala garini, Sylveri amelala juu ya nyasi kofia usoni, na marehemu aliniambia kwa Kirundi kwamba anahisi kama tumewahi kuwa hapa zamani, kabla ya vita vyote, nikamwambia haiwezekani, akasema anajua haiwezekani, na tukaendelea kusimama.

Februari 2016 marehemu alianza kusikia maumivu upande wa kulia chini ya mbavu na kupungua uzito, na tarehe 7 Machi madaktari wa hapa Buffalo walitujulisha kwamba ana saratani ya ini ambayo imekwisha kusambaa, wakaeleza tiba iliyopo na mipaka yake kwa uwazi na huruma, marehemu akasikiliza hadi mwisho, akamshukuru daktari, na tulipofika kwenye lifti akaniuliza zimebaki barabara ngapi. Zilikuwa zimebaki chache, nyingi za kusini kabisa, na kuanzia wakati huo Sylveri aliondoa kiti cha katikati kwenye gari, akatandika godoro na mito, na siku za Jumamosi alizokuwa na nguvu tulikwenda polepole, yeye akiwa amelala akitazama matawi yakipita juu ya kioo, tukimwinua mwanzo na tukimwinua mwisho, na mstari baada ya mstari ukajazwa, Angelika akipiga chapa na mama yake akimtajia, hadi mwanzoni mwa Septemba ikabaki barabara moja.

Tarehe 24 Septemba 2016, siku ya Jumamosi, tulikwenda kuiona, marehemu, Sylveri na mimi, watoto wakibaki na Mama Grâce, ilikuwa siku ya utulivu mkubwa, majani ya juu yameanza kuwa mekundu na ya chini bado mabichi, ukungu umekaa mabondeni kama maziwa kwenye bakuli, na kabla hatujafika usingizi ulimchukua kwa sababu ya dawa, tukakubaliana kwa ishara tumwache apumzike kidogo. Barabara ile inapanda na kushuka mara nyingi, sijui ni mara ngapi, nilikuwa nimekaa chini kando ya godoro nimemshika mkono nikisikiliza pumzi yake, nje kulikuwa na mwanga unaokuja na kuondoka, na gari lilikwenda laini sana hata nikadhani kwamba tumesimama na vilima ndivyo vinavyopita, kisha Sylveri akazima injini, tukasikia maji, tulikuwa tumefika kwenye daraja la kijito cha Cattaraugus, ambapo kaunti yetu inaishia.

Tulimwamsha, akashuka kwa kutuegemea, akasimama katikati ya daraja, akatazama maji chini kwa muda mrefu, akasema, "Mwisho nimeuona", halafu akatuuliza mwanzo ulikuwaje. Sylveri aliangalia funguo mkononi, marehemu akauliza tena, ndipo Sylveri akasema, "Dada, sikuuona, nilikuwa nakutazama wewe kwenye kioo", marehemu akanigeukia mimi, "Na wewe, baba Angelika?", nikamwambia kwamba mimi nilikuwa nikitazama mkono wake, na Kornelia alicheka, alicheka kweli, hadi akashika reli ya daraja, akasema, "Wanaume wazima wawili, macho manne, barabara nzima imewapita!", Sylveri akamwomba turudi sasa hivi tukauone, lakini maumivu yalikuwa yamekwisha kuja, akasema, "Tutaurudia Jumamosi ijayo, haiendi popote."

Jumatatu tarehe 26 Septemba alilazwa hospitali, na hakutoka tena. Mhariri wa Ohio, alipoarifiwa na Angelika, aliandika kwamba anaweza kukamilisha mstari ule kutoka kwenye ramani kwa dakika moja, ikiwa hilo litampa mama faraja, marehemu akasomewa ujumbe huo, akafikiri, akasema, "Mwambie asante, na asubiri." Alipokea sakramenti za mwisho tarehe 7 Oktoba, aliwabariki watoto mmoja mmoja, alimwambia Sylveri jambo la Kirundi ambalo ni lao wawili, na alifariki dunia Jumapili tarehe 9 Oktoba 2016 alfajiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane, kwa utulivu, mvua ndogo ikinyesha.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu bila kutuficha kitu, Mheshimiwa Padri na wanakwaya, majirani wa mtaa wetu kwa chakula, kuni na viti, hasa Mama Grâce ambaye amelala nyumbani kwetu siku zote hizi na leo ndiyo mara ya kwanza ninamwona amenyamaza, wafanyakazi wenzake wa huduma ya majumbani, wazee aliowahudumia ambao wawili kati yao wameletwa hapa na watoto wao, wafanyakazi wenzake Sylveri wa Tonawanda, ndugu wa Louisville na Columbus mlioacha zamu zenu, na bwana wa Ohio, ambaye ameendesha gari tangu jana na amekaa kule nyuma, ambaye aliniambia mlangoni kwamba bado anasubiri.

Sasa ombi la familia. Katika orodha ile, mstari wa mwisho una namba, una majina matatu, una mahali barabara inapoishia, na mahali inapoanzia pako wazi, mimi nina ramani mezani, najua kuisoma, ramani inasema ni njia panda, na ninaiamini, ila sijui kuna nini pale, kuna nyumba au hakuna, kuna mti gani, kunaonekana nini mtu akisimama, na ninyi mnamjua mke wangu. Jumamosi tarehe 22 Oktoba, siku ya kuanua matanga, baada ya Misa ya asubuhi, magari yataondoka hapa mbele ya kanisa kwenda mwanzo wa barabara hiyo, mwenye nafasi na aje, mwenye gari ambebe asiye nalo, tutashuka sote, tutatazama, tutaandika hapo hapo tukiwa tumesimama, na Sylveri ndiye atakayeendesha, nami nitakaa naye mbele.

Kornelia Nyandwi, mama wa watoto wangu, wewe lala, safari hii tutatazama sisi. Pumzika kwa amani.